Kamusi haimalizi ubishi wa "quruu"

Mwandishi ninayemjibu hapa anadai kwamba neno la Qurani likibishaniwa, mtu afungue kamusi ya Kiarabu na ubishi utakwisha. Sikubaliani naye hata kidogo. Chukua quruu: aya ya 228 ya Suratul Baqara inamtaka mwanamke aliyeachwa akae eda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, ya quruu tatu. Kamusi itakupa hedhi, na itakupa twahara vilevile, yaani siku za usafi kati ya hedhi na hedhi, maana Waarabu walilitumia kwa yote mawili. Katika madhehebu ya fiqhi, Mahanafi wameshika hedhi, wakimfuata sahaba Ibn Masud. Mashafi na Wamaliki wameshika twahara, na Bi Aisha, mke wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake, ndivyo alivyosema. Msidhani haya ni ya darasani tu. Hapa Arua, Uganda, nimeona mume kaja na wazee kumrejea mkewe aliyempa talaka moja, na mke ameshaanza hedhi ya tatu. Sheikh mmoja, Mshafi, akasema eda imekwisha, mume alete posa na mahari upya. Mwenzake, Mhanafi aliyesoma Pakistan, akasema bado ni mkewe mpaka atwaharike. Siku chache tu, lakini ndizo zinazoamua kama huyu ni mke wa mtu au yuko huru kuposwa! Mama wa binti kakaa mkekani analia, hajui amfungulie nani mlango. Katiba yetu ya 1995 imetaja mahakama za kadhi kwa ndoa na talaka. Kadhi akiletewa kesi kama hii ashike maana ipi? Ninyi wa Bombo na Kibuli, masheikh wenu huamuaje?