Msiwabanie wasomaji mlisho

Chini ya karibu kila makala ya Kiswahili siku hizi pameandikwa maneno yaleyale: "Usipitwe, jiunge na kundi letu la WhatsApp." Vinafuata vitufe vya Facebook, Instagram, X na TikTok. Mlisho wa RSS, yaani faili ya tovuti inayoiwezesha programu ya kusomea kumletea mtu makala mpya, hautajwi. Na mara nyingi upo! Tovuti ikiwa ya WordPress, ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani yake utauona. Blogu ikiwa ya Blogger, ongeza /feeds/posts/default. Umekuwepo tangu siku tovuti ilipokwenda hewani. Mwenye tovuti ama hajui kama anao, ama anajua na ameukata, kila makala ikabaki sentensi tatu na vinukta. Hilo la pili linaudhi zaidi, kwa sababu mtu amekaa chini, akafungua mipangilio, akachagua kumnyima msomaji.

Mlisho ni faili moja tu ya XML, maandishi yaliyopangwa kwa alama ambazo programu inazielewa. Juu pana jina la tovuti, kiungo na maelezo mafupi. Chini yake makala za karibuni, kwa kawaida 10 kwenye WordPress, kila moja na kichwa, kiungo, tarehe na maandishi yake. Programu ya msomaji, iwe Feedly, Inoreader, Feeder ya Android au NetNewsWire ya iPhone, inarudi kwenye faili hiyo kila baada ya muda kuuliza kama kuna jipya. Seva iliyowekwa vizuri hutoa alama iitwayo ETag. Programu ikirudi na alama ileile na hakuna kilichobadilika, seva inajibu 304 na kuishia hapo, faili haipakuliwi tena. Bando la msomaji linapona, seva yako inapumua. Na msomaji hakukupa namba ya simu wala barua pepe. Akikuchoka anakuondoa kwenye orodha yake, basi.

Haya, WhatsApp ndiko watu waliko, sikatai. Lakini kundi lina mwisho wa watu 1,024, namba ya kila mmoja iko wazi kwa wageni, na makala uliyoihangaikia wiki nzima inazama chini ya salamu za asubuhi na picha za maua. Chaneli zimeficha namba, ni afadhali, ila orodha ya wanaokufuata inabaki mikononi mwa mwenye mtandao.

Turudi kwenye kukata. Kwenye dashibodi ya WordPress fungua Settings, kisha Reading. Kuna mahali panapouliza kila makala iingie kwenye mlisho kwa namna gani: Full text (makala nzima) au Excerpt (muhtasari, zamani paliandikwa Summary). Ukichagua Excerpt na hukuandika muhtasari mwenyewe, WordPress inachukua maneno 55 ya mwanzo na kukata hapohapo, hata kama ni katikati ya sentensi. Blogger nayo ina chaguo la Full na la Short kwenye sehemu ya mlisho. Ni kazi ya nusu dakika, na ndiyo inayoamua kama mlisho wako una faida au ni pambo.

Mfikirie msomaji wa Mbagala. Ameiweka Feeder isasishe kwenye Wi-Fi pekee, inapakua usiku, asubuhi anapanda daladala data imezimwa. Mbele yake ana saa nzima ya foleni. Aliyetoa mlisho mzima anasomwa hadi mwisho, kituo baada ya kituo. Aliyekata amempa aya moja na kiungo kisichofunguka. Msomaji huyo hatarudi jioni kuifungua. Jioni kuna makala nyingine.

Tena uzito wenyewe ni mdogo sana. Makala ya maneno 900 ya Kiswahili ni kilobaiti 6 au 7 za maandishi. Makala 10 pamoja na alama zake za HTML hazifiki kilobaiti 100, na seva ikizibana kwa gzip zinapungua zaidi ya nusu. Ukurasa uleule kwenye kivinjari, ukiwa na matangazo, fonti na video inayojiwasha yenyewe, hufika megabaiti kadhaa kwa urahisi. Kwa anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni pesa.

Wanaokata wana hoja mbili. Ya kwanza ni wizi: roboti zitachukua makala nzima na kuibandika kwingine. Zitachukua, ndiyo, lakini zinaichukua kutoka kwenye ukurasa wenyewe pia. Dawa ni kuongeza mstari mwishoni mwa kila makala ndani ya mlisho, wenye kiungo cha ukurasa wa asili. Yoast, kiprogramu cha kuongeza kwenye WordPress, ina nafasi maalumu ya mstari huo. Anayenakili bila kusoma anajikuta anakutangaza. Hoja ya pili ni matangazo, na hii ina uzito wake. Matangazo yanayotegemea JavaScript hayafanyi kazi ndani ya programu za kusomea, na usomaji wa humo hauonekani kwenye hesabu za wageni wa tovuti. Lakini picha ya kawaida ya mdhamini yenye kiungo inapita bila shida. Kama kila senti yako inatokana na idadi ya wanaofungua ukurasa, basi kata, ila andika muhtasari kwa mkono wako. Usiiachie mashine ikate katikati ya sentensi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa ukanda huu tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa. Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii tarehe 1 Julai 2018. Januari 2021 Facebook ikafungwa huko, na intaneti iliporudishwa baada ya uchaguzi, Facebook ilibaki imefungwa. Mchapishaji aliyewajenga wasomaji wake wote ndani ya Facebook aliwapoteza kwa siku moja. Mlisho unatoka kwenye tovuti yako moja kwa moja hadi kwenye simu ya msomaji. Tovuti ikifunguka, mlisho unafika.

Sasa yale yanayoharibika, maana XML haina msamaha: kosa moja na programu nyingi zinakataa faili nzima. Kosa la mara kwa mara kwenye WordPress ni mstari mtupu kabla ya tamko la <?xml linalofungua faili. Chanzo mara nyingi ni nafasi iliyoachwa mwishoni mwa functions.php, faili la msimbo la mandhari ya tovuti, baada ya alama ya ?>. Futa nafasi hiyo, na alama yenyewe ifute pia, haihitajiki. Kwenye tovuti zilizoandikwa kwa mkono, tatizo huwa alama ya &: kichwa kama "Simba & Yanga" kinavunja kila kitu mpaka uandike & badala yake.

Tarehe inatutesa zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Msanidi anatafsiri tovuti yote, na pubDate, sehemu ya tarehe ndani ya mlisho, inatoka "Jumatatu, 5 Januari 2026". Programu ya kusomea haielewi. Ndani ya RSS tarehe inabaki kwa vifupisho vya Kiingereza: Mon, 05 Jan 2026 08:00:00 +0300. Na hiyo +0300 usiisahau. Ukiandika +0000, makala ya saa mbili asubuhi itaonekana ya saa tano, yaani bado haijaandikwa, na baadhi ya programu zitaificha mpaka muda huo ufike.

Picha ziwe na anwani kamili inayoanza na https, si /picha/tu.jpg. Kinga dhidi ya roboti iruhusu njia ya /feed/, kwa sababu programu ya kusomea haiwezi kujibu jaribio la kuthibitisha kuwa ni binadamu. Inapata 403, yaani imekataliwa, na kunyamaza, na msomaji anadhani umeacha kuandika. Ukihama anwani, usibadilishe guid (alama za utambulisho) za makala za zamani, la sivyo zote zitaibuka upya kama mpya kwa kila anayekufuata. Weka 301, amri ya kuelekeza moja kwa moja, kutoka mlisho wa zamani kwenda mpya, na uiache.

Wanaosema RSS ilikufa wanaikumbuka Google Reader, programu ya Google ya kusomea milisho, iliyofungwa tarehe 1 Julai 2013. Programu ndiyo iliyokufa. Wasomaji walihamisha orodha zao kwa faili la OPML, la kubebea orodha ya milisho, na kuendelea kwingine, na wachapishaji hawakubadilisha chochote. Podikasti nazo mpaka leo zinasafiri kwa mlisho uleule wa RSS, kiungo cha faili la sauti kikiwa ndani ya sehemu iitwayo enclosure.

Bandika anwani ya mlisho wako kwenye validator.w3.org/feed, itakuonyesha mstari wenye kosa. Kisha hakikisha sehemu ya head ya HTML ya tovuti yako ina link ya rel="alternate" yenye type="application/rss+xml", ili msomaji akiweka jina la tovuti tu, programu iupate mlisho yenyewe. Na pale chini ya makala, kando ya kitufe cha WhatsApp, weka kimoja zaidi kilichoandikwa RSS.