Tamthilia ya Bure Ngomeni Lamu: Ua Upo, Gharama Je?

Lipo wazo la kuonyesha tamthilia za bure kwenye maktaba iliyomo katika Ngome ya Lamu. Wanaopinga maigizo maktabani wana hoja nzito. Mwanafunzi anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huenda hana pengine penye meza, taa na utulivu, na kumwondoa mwezi wa Oktoba ili watu wacheke saa nzima ni kumdhulumu. Hapo hatubishi.

Ila Lamu ina nafasi ambayo miji mingi haina. Maktaba ya ngomeni imo katika jengo lenye ua mpana, ulio wazi juu. Ngome ilikamilika 1821, baadaye ikawa jela hadi 1984. Leo shughuli za mji hufanyika humo. Mchezo ukae uani, msomaji abaki ndani.

Ua nao una vitimbi vyake. Kuta ndefu za mawe hurudisha sauti: mwigizaji akiharakisha, maneno hugongana, na kipaza sauti huzidisha balaa. Afadhali aseme taratibu, na watazamaji wakae karibu, safu nne za mikeka na mabenchi nyuma. Mikeka itandikwe chini ya ukuta wa magharibi, kwani kivuli cha jioni huanzia hapo. Kuanza saa kumi na nusu, baada ya Alasiri, kwa mchezo wa dakika 40, kunawaacha watu na wasaa kabla ya Magharibi.

Neno “bure” ndilo linalopotosha. Mwigizaji wa Pate au Faza anahitaji nauli ya boti, na mavazi hayajishoni. Kuwatunza waigizaji fedha, kama kwenye taarabu, kungesaidia, lakini mtu akiinuka na noti katikati ya onyesho, mchezo umekwisha. Itangazwe mapema kwamba tuzo ni mwishoni.

Halafu hakimiliki. Kutotoza kiingilio hakuondoi haja ya ruhusa. Tamthilia za Shakespeare zi huru, lakini tafsiri ya Nyerere ya mojawapo, Mabepari wa Venisi, bado inalindwa: Kenya huhesabu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, naye alifariki 1999, basi ni hadi mwisho wa 2049. Kikundi kitunge mchezo wake, tena kwa Kiamu, lahaja ya Lamu.

Je, maktaba inafaidi nini? Makofi si usomaji. Panahitajika meza njiani pa kutokea, yenye vitabu vya mada ile ile, fomu za uanachama, na mkutubi wa kuazimisha papo hapo. Mkutubi akiwa keshafunga kabla mchezo haujaisha, wanaopinga watakuwa wameshinda hoja.