Chumba cha kumi kwa kumi pia ni historia

Ukitaja historia ya majengo Nairobi lazima mtu akuonyeshe KICC, lile jumba refu la mikutano. Sawa, hata mimi naipenda, iliisha 1973, kazi ya David Mutiso na yule Mnorwei Karl Henrik Nøstvik, na ukitoka Eastlands na mat asubuhi ukiiona tu unajua tao ndio hiyo. Lakini wasee, nani kati yetu amewahi kulala KICC?

Mimi nimekulia kwa chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, pazia katikati, huku kitanda ya wazazi, kule stovu na sisi watoto. Miaka yote nilidhani ni shida zetu tu, kumbe kile chumba kina ukoo. Mkoloni hakutaka Mwafrika aishi Nairobi, alitaka mikono yake, so nyumba nyingi za kanjo (baraza la jiji) na za reli zikapimwa kwa mwanaume mmoja asiye na bibi wala mtoto, kwingine unalipia nafasi ya kitanda tu, familia ibaki ushago, na choo ni moja ya watu wote huko nje. Sasa niambie ploti ya leo, zile nyumba za kupanga chumba kimoja kimoja, iko tofauti wapi. Mkoloni alienda 1963 akaachia landilodi kipimo.

Afadhali mtaa wa Majengo, Pumwani. Huko miaka ya 1920 watu walijijengea, kuta za udongo, paa za madebe yaliyopasuliwa, lakini ramani ni ile ya nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma ndio kupikia, kufulia na kupigia umbea (hasa umbea). Na wenye nyumba wengi tu walikua wanawake! Hiyo kwangu ni usanifu kuliko vioo vingi vya Upper Hill, vile vinachoma watu jua.

Kinachoniuma ni estate za zamani zinaangushwa kupisha magorofa, Pangani ilishaenda, na sioni watu wakikimbia kuchora hata mlango kabla tinga ifike.

Juzi nikaazima tepu ya fundi nikarudi ploti yetu. Mama mmoja akaniuliza, "Wewe ni wa kanjo, mnabomoa lini?" Nikamwambia hapana mathe, napima tu. Chumba chetu kilikua futi tisa na nusu.