Mgongo Unauma, Ndoo Zinanisubiri
Jamani, sisi wa milimani huku Mabatini, Mwanza, tunateseka! Bomba likikauka, maji tunayafuata bondeni. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, unapanda nayo katikati ya mawe huku kiuno kinawaka moto. Ukifika juu mtoto analia abebwe, vyombo vimejaa kwenye beseni chini, lazima uiname, na kuinama huko ndiko kunakozidi kubana pingili za chini za mgongo.

Kinachoniudhi zaidi ni kuambiwa, “Pumzika.” Nipumzike, nani apike? Shemeji zangu wako sebuleni wanaangalia mpira, wazima kabisa, na madumu matupu wanayaona pale mlangoni. Shemeji, nyanyukeni mkachote maji!