Tulitoka Kunyoosha Miguu Tu

Naandika haya miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kidole gumba cha kushoto kimevimba kama bibo, na simu hapa pembeni inabip. Si mwenye nyumba, huyo habip, huja mwenyewe. Ni babu mmoja wa njiani, na hii ni mara ya saba tangu alfajiri.

Kisa ni Mwalimu. Jumamosi jioni kijiweni alitutazama matumbo yetu, moja baada ya jingine, kama mnunuzi wa mbuzi, akatangaza kwamba kesho tunatembea kwa miguu kutoka Mtwara mjini mpaka Mikindani, kilomita kama 10, kwa njia za mashambani, "tukiisoma historia." Mimi ni mtu mzima, nina kadi ya mpiga kura na wajukuu wawili. Siwezi kuikataa historia mbele za watu. Fundi alikubali kwa sababu kwake kulikuwa na ugeni wa ukweni. Kijana wa duka la simu alikubali ili apige picha, akaja na selfi stiki mpya.

Sasa, huku kwetu mtu mzima hatembei bure. Akionekana anakata barabara kwa miguu, ama amefiwa ama amefilisika. Bodaboda waliosimama walikuwa kumi na mmoja, nimewahesabu. "Panda tu mzee, utalipa ukipata." Ukipata! Wa kumi na mbili alikuwa mpangaji mwenzangu. Huyo hakusema neno, alitikisa kichwa tu akaondoa pikipiki, na habari ikafika nyumbani kabla yangu.

Mwalimu hata habari hana. Yeye kila kichuguu anasimama. Akatuambia Mtwara hii tunayoringia imejengwa kwa ajili ya karanga. Waingereza waliishiwa mafuta ya kupikia baada ya vita, basi 1947 wakaja na matrekta kulima karanga Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea, bandari ikajengwa, na reli ya kuziteremsha. Karanga zikagoma. Kufika 1951 mradi umekufa, umemeza zaidi ya pauni milioni 35, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa.

"Vyuma vilienda wapi?" akauliza Fundi. Ndilo swali pekee la maana lililoulizwa siku nzima, na Mwalimu hakulijibu. Mbele kidogo nilinunua karanga za mia mbili, nikazihesabu: kumi na tisa, mbili zimeoza. Nikawaelewa Waingereza.

Tukatokea kwenye kiwanja cha nyumba moja katikati ya mikorosho. Babu amekaa kwenye kigoda, anabangua korosho, vidole vyeusi kwa ule utomvu wa maganda usiosikia sabuni. Tukatoa shikamoo nne, akaitikia marahaba moja ya jumla. Macho yote yako kwenye selfi stiki, ambayo Kijana alikuwa ameirefusha na kuielekeza chini apige picha ya kivuli chake.

"Hicho kipimo kinashika mpaka futi ngapi?"

"Si kipimo babu, ni cha kupigia picha."

"Eeh. Hata wale wa mwaka juzi walisema wanatafuta nyuki."

Hapa mtu mwenye akili angeaga. Mwalimu akasema, kwa ile sauti yake ya darasani, "Sisi babu tunafuatilia tu nyayo za Mjerumani."

Babu akaweka jiwe chini. "Mama Fulani! Wamefika! Lete nkeka!"

Mkeka ukaja. Wakaja na mabinti, wakwe, watoto wa jirani, na mjukuu mmoja tayari ana jembe begani, kama alikuwa amelishika tangu azaliwe. Tukakalishwa. Babu akasogea karibu. "Nusu kwa nusu."

"Nusu ya nini?"

"Njukuu wangu, usinifanye ntoto. Njerumani alipokimbilia Nsumbiji alikuwa na masanduku. Atavuka nto na masanduku?"

"Alivuka Ruvuma Novemba 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia hiyo," Mwalimu akadakia. Ugonjwa huo hauna dawa.

"Nnaona!" Babu akawageukia watu wake. "Mpaka mwezi wanaujua!"

Nikasema babu, hakuna masanduku. Akasema basi theluthi. Nikamwapia kwa marehemu mama yangu. Akasema robo. Kumbe kila tunapokana anadhani tunavutana bei! Hapo ndipo Fundi, mtu niliyekula naye chumvi miaka ishirini, aliposafisha koo na kusema, "Lakini babu, hata robo bado ni kubwa. Vifaa ni vyetu."

Mwalimu akaja na hoja. Wajerumani, akasema, walichimba Tendaguru kule Lindi kuanzia 1909 mpaka 1913, wakatoa mifupa ya dinosaria, ikabebwa na wapagazi mpaka bandarini, na leo mnyama huyo amesimamishwa Berlin, anapita mita 13 kwenda juu. "Sasa babu, mtu aliyebeba mifupa ataacha fedha?"

Babu akafikiri. Korosho ikaungua kwenye bati. "Kafika na mifupa, mikono imejaa. Fedha akaificha."

Nani atalijibu hilo? Mwalimu badala ya kunyamaza akaongeza kwamba hata rupia za dhahabu za Mjerumani zilikuwepo, zilipigwa Tabora mwaka 1916, zina picha ya tembo. Nilimfinya, nimechelewa. Neno tembo likapita mkekani mpaka kwa watoto.

Nikasimama. Nikavuta shati, nikasema, "Mzee wangu, mimi nauza nyanya. Mwezi huu kreti mbili zimenifia. Ningekuwa na kipimo cha dhahabu ningekuja hapa kwa miguu, juani, na kandambili hii?" Nikainua mguu wote wakaona kandambili yenyewe, imeshikiliwa na msumari. Nadhani nilipiga kelele. Mtoto mmoja alilia.

Babu akaitazama muda mrefu. "Hapo una neno," akasema. "Ila wenye mali ndivyo wanavyojificha."

Tukapelekwa kwenye mbuyu nyuma ya nyumba, Kijana azungushe kipimo mara moja tu, tuachiwe. Akazunguka. Alipofika upande wa pili kidole kikagusa kitufe cha mpini, simu ikalia *kacha!*

Wakapiga yowe. Jembe likaruka. Na mimi, sijui nilikuwaje, na mimi nilikimbia. Mtu mzima, wajukuu wawili, nakimbilia dhahabu ya Mjerumani nikiwasukuma watoto wa watu! Mzizi wa mbuyu ukanipokea hapa kidoleni.

Kilichochimbuliwa ni mfuniko wa kopo. Babu aliupangusa kwa shati, akautia mfukoni, akaomba namba yangu kwa kuwa ndiye niliyekimbia kwa moyo.

Mikindani tulifika. Boma la Mjerumani la 1895 nililitazama kutoka chini, kilimani nilikataa kupanda. Mwalimu akatuonyesha kibao cha Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, aliyeshuka hapo Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho, ana ngamia, ana nyati wa kufugwa, ana nyumbu wa kubeba mizigo, ana punda. Sisi wanne hata punda mmoja hatuna, halafu tunaitwa wavivu. Nilikaa chini ya kibao, damu inatoka, nikapunga bodaboda wa kwanza. Alikuwa mpangaji mwenzangu. Elfu nne, na mahubiri.

Nimempigia babu sasa hivi ili asiendelee kubip. Anasema usiku ndio mzuri, na kuku mweusi ameshapatikana. Na anauliza yule mwenzetu mwingine atafika saa ngapi, maana aliahidi kuja na sepetu.

Nimempigia Fundi, hapatikani. Nimemwita mke wangu aangalie nyuma ya choo. Sepetu yangu haipo. Ile yenye mpini wa mninga, niliyoikataa kumwazima hata shemeji yangu wakati wa msiba, na huyo shemeji mpaka leo hanisemeshi, ingawa mzani wangu wa nyanya anao yeye tangu Idi…