Kwanza ing'oke majini, makombora baadaye

Wengi wanaobuni ndege ya kivita ya kuambaa juu ya maji, iwe ya riwaya au ya mchezo wa kompyuta, huanza na makombora. Naona wanaanzia mwisho. Mtihani mkubwa wa chombo hiki ni kung'oka majini.

Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 na zaidi. Ukinzani wake hufikia kilele kabla mabawa hayajapata kasi ya kubeba uzito, na hapo ndipo injini nyingi zinapohitajika. Ile KM ya Wasovieti, chombo cha aina hii kilichoruka mara ya kwanza mwaka 1966, ilikuwa na injini 10. Nane za mbele zilipuliza hewa chini ya mabawa wakati wa kupaa. Safarini zilitosha mbili za mkiani. Weka injini za mbele juu, mbali na rasharasha, kwa sababu chumvi ikigandana kwenye mapanga ya kompresa (sehemu ya injini inayobana hewa), nguvu hupungua.

Sasa chukua bawa la mita 40 toka ncha hadi ncha. Likiruka mita 4 juu ya maji, ukinzani unaotokana na kunyanyua uzito hupungua kwa karibu nusu. Panda hadi mita 40 na faida hiyo karibu yote imekwisha. Kwa hiyo lazima ukae chini, na kukaa chini kunakunyima kona. Ukilaza chombo nyuzi 5 tu, ncha ya bawa inashuka mita 1.7, wimbi la mita 2 linakuwa karibu mno, na kwa kasi ya kilomita 450 kwa saa nusu kipenyo cha kona ni kama kilomita 18! Anayetaka kona kali apande kwanza, akubali kuchoma mafuta.

Mkia uwe mkubwa na uwe juu kabisa. Kitovu cha nguvu ya kunyanyua huhama kimo kinapobadilika, na mkia mdogo hauwezi kuzuia pua isiinuke ghafla.

Na hayo makombora? Lun, chombo kingine cha Wasovieti cha aina hii, ilibeba sita mgongoni. Lakini rada iliyo mita 15 juu ya maji huona kitu kilicho usawa wa bahari kwa kilomita 16 hivi, yaani dakika mbili za safari. Kombora la masafa marefu litahitaji ndege nyingine, iliyo juu, ya kulionyesha shabaha. Mchoro usio na ndege hiyo haujakamilika.