Kusoma kwa pamoja kunawaficha watoto

Mtoto anaweza kufika darasa la tatu hajui kusoma na mwalimu wake asijue. Kinachomficha ni sauti za wenzake. Darasa la watoto sabini likiimba "ba, be, bi, bo, bu", wale wachache wanaojua hutangulia na waliobaki hudakia. Ukitaka kuhakikisha, ziandike silabi hizo hizo ubaoni kwa mpangilio mwengine: bo, ba, bu, be, bi. Elekeza fimbo bila ya kutamka wewe kwanza. Sauti itashuka hapo hapo. Au mwambie mtoto anayesoma ukurasa mzima bila kukwama aanze mstari wa mwisho. Aliyehifadhi atarudi juu, kwa sababu hawezi kuanzia katikati.

Watoto wetu ni hodari wa kuhifadhi, na hilo ni jambo la kheri. Lakini tuangalie chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, kunafanyika nini hasa. Mtoto anakaa mbele ya maalim na juzuu yake, anasoma peke yake huku akifuatisha kwa kijiti, anasahihishwa, na hapewi somo jipya mpaka la jana limekaa sawa. Kila mmoja ana pahala alipofikia, na maalim anapajua. Mtoto huyo huyo skulini anapotea ndani ya kelele. Ninachotaka ni skuli zetu, Unguja na Pemba, ziwe na utaratibu wa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja muhula mzima, wala isisubiriwe mitihani.

Walimu watasema muda haupo. Tupige hesabu. Dakika moja ya kusoma, mbili za kumwita, kumtuliza na kuandika. Watoto watano kwa siku ni robo saa, wakati wenzao wananakili. Kwa wiki ni watoto 25, kwa hiyo darasa la watoto 75 linamalizika kwa wiki tatu, kisha unaanza upya.

Karatasi ni moja tu. Upande wa kwanza uwe na herufi 20, silabi 20 zilizochanganywa, na maneno 10 yasiyo na maana: lufo, bimu, nduke, shego na kadhalika. Maneno haya hayakaririki. Anayeyasoma ameunganisha sauti mwenyewe. Upande wa pili uwe na hadithi ya maneno 50 hivi, isiyotoka kitabuni, bila picha. Mwite mtoto barazani, mbali na masikio ya wenzake, msalimie, mpe mfano mmoja wa kujaribia. Akikwama sekunde tatu, mwambie aendelee na linalofuata. Akikosa yote kumi ya mwanzo, simamisha na umshukuru. Taratibu hizi mbili zimo pia katika EGRA, kipimo cha kimataifa cha kusoma kwa watoto wa madarasa ya mwanzo, na zina huruma ndani yake. Akimaliza hadithi kabla ya dakika, piga hesabu: maneno 50 kwa sekunde 40, makosa mawili, ni 48 mara 60 gawa kwa 40, sawa na maneno 72 kwa dakika.

Viwango vya kasi vya Kiingereza visiletwe huku kama vilivyo. "Nitakapokununulia" ni neno moja lenye silabi tisa.

Thamani kubwa haimo katika jumla, imo katika makosa. Usiweke alama ya mkasi (X) tu. Andika juu ya neno kile alichotamka. Mtoto anayesoma "ema" pahala pa "ma" amefundishwa majina ya herufi kabla ya sauti zake, na dawa yake ni kumrudisha kwenye sauti. Anayesoma "muto" hajaelewa kwamba m ya "mto" ni silabi peke yake, ilhali ya "mbuzi" inakwenda pamoja na b. Anayesoma "ngoma" na "ng'ombe" kwa sauti moja hajaonyeshwa kazi ya ile alama. Anayesoma "at" pahala pa "ta" huenda anaanzia kulia kama alivyozoea kwenye juzuu. Mwekee nukta ya rangi kushoto mwa kila mstari, afuatishe kwa kidole. Lafudhi ya Micheweni, Tumbatu au Makunduchi isihesabiwe kosa kabisa. Mtoto amesoma.

Kisha muulize maana. Hadithi ikisema "Bakari aliona maji yanajaa, akakimbia kumwita mama yake aliyekuwa akiokota chaza", swali la nani alikimbia linajibika kwa kukumbuka tu. Uliza kwa nini alikimbia. Karatasini hakujaandikwa kwamba maji yakijaa mama atazuilika mwambani, lakini mtoto wa pwani anajua. Akijibu, amesoma. Akikaa kimya na hali kasi yake ni nzuri, anatamka bila kuelewa, na huyo ndiye anayesahaulika zaidi kwa sababu anasikika vizuri.

Baada ya hapo wagawe makundi kwa dakika ishirini kila siku. Wasiojua herufi waanze na chache zinazojenga maneno mapema: kwa a, i, u, m, k na t pekee unapata kuku, kiti, tamu, mama. Wanaojua herufi ila hawaunganishi wapewe kadi za herufi zilizokatwa kwenye boksi, na wakumbushwe irabu za chuoni, kwamba bee ikitiwa fataha inakuwa ba. Wanaosoma polepole wasome hadithi ile ile wawili wawili, mara tatu.

Rudia kipimo kwa hadithi nyengine ya urefu ule ule; ya zamani wameshaisikia kwa wenzao. Matokeo yaandikwe daftarini kwa tarehe, yasitumiwe kupanga nafasi za watoto wala za skuli, maana mwalimu anayeogopa nafasi ataanza kukaririsha hadithi za kipimo. Mtoto akipanda darasa, mwalimu mpya akabidhiwe daftari siku ya mwanzo, aanzie pale mwenzake alipoachia.